FEDHA HAZIPOTEI ZENYEWE



Iko sentensi moja ambayo kila msomaji wa magazeti katika nchi hii ameizoea kama sala ya jioni. Kiasi hubadilika, jina la wizara hubadilika, lakini sentensi ni ileile: fedha za umma zimepotea. Hebu isomeni tena polepole. Zimepotea! Mbuzi hupotea, maana ana miguu na majani ya ng'ambo humvuta. Mtoto hupotea sokoni. Msafiri hupotea njia usiku wa kiza. Lakini fedha zilizoombwa kwa barua, zikaidhinishwa kwa sahihi, zikapigiwa muhuri na kutoka katika akaunti moja kuingia katika nyingine, zimepoteaje? Na huyo aliyezipokea, mbona yeye hakupotea pamoja nazo? Nyumba yake inajulikana, kanisa lake linajulikana, na Jumapili ijayo huenda akaalikwa kuwa mgeni wa heshima katika harambee ya paa.

Nia yangu ni kutetea kusema wazi. Lugha yetu haina upungufu wa maneno kwa jambo hili. Tunasema peupe, bayana, kinagaubaga, waziwazi, kavukavu, bila kumung'unya maneno. Kwa tabia iliyo kinyume cha hiyo, lugha ina hazina kubwa zaidi: kumvika mtu kilemba cha ukoka, kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kuuma na kupuliza kama afanyavyo panya, kuwa ndumakuwili. Wazee waliotunga misemo hii waliwajua vyema watu wa namna hiyo, na hawakuwapenda. Sijapata kuusikia hata msemo mmoja wa Kiswahili unaomsifu mtu kwa kuuma na kupuliza. Ilikuwaje basi tukafikia mahali ambapo mwenye kuuma na kupuliza anaitwa mwenye hekima, na mwenye kusema peupe anaitwa mtovu wa adabu?

Jibu limo katika neno hilohilo la adabu. Adabu ni kitu chema, na sitaki kuishi katika nchi ambayo mtu aliyefiwa anaambiwa kwa ukavu kwamba mama yake amekufa. Tunamwambia kwamba mama ametutoka, amefariki, ametangulia mbele ya haki. Mwanamke hujifungua. Mgonjwa huulizwa juu ya haja kubwa na haja ndogo. Hii ndiyo tafsida, na walimu wetu walikuwa na haki kuisifu, kwa kuwa inamstahi mwenye uchungu na mwenye haya. Lakini tazameni lililofanywa: adabu iliyowekwa kwa ajili ya mfiwa imeazimwa na muuaji. Askari anapompiga mtu risasi mgongoni, taarifa husema kwamba mtu huyo alifariki wakati wa makabiliano. Neno lile la matangani, likiandikwa katika tangazo la mazishi, humfariji mjane. Likiandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, humfariji aliyemfanya mwanamke yule kuwa mjane.

Na mlango wa uani wa haya yote umo katika sarufi yenyewe. Mtoto wa shule ya msingi anajua jinsi kitenzi cha Kiswahili kinavyonyambuliwa. Ukisema karani alivunja kabati, mtenda yupo mbele yetu. Ukisema kabati lilivunjwa na karani, bado yupo, ila amesogezwa nyuma. Ukisema kabati lilivunjwa, ametoka chumbani. Na ukisema kabati limevunjika, hakupata kuwamo chumbani tangu mwanzo. Kabati limejivunjikia kwa uzee au kwa upepo. Siilaumu sarufi. Kauli ya kutendeka ina kazi yake, maana kweli viko vitu vinavyovunjika vyenyewe. Ila sikilizeni hotuba zetu za miaka 40 iliyopita, mwone jinsi kauli hiyo ilivyotumikishwa kama punda: makosa yalitendeka, damu ilimwagika, kura ziliharibika, faili haionekani, maisha yamepotea. Nchi nzima imejaa matendo yasiyo na watenda.

Katika kazi yangu ya uwakili lugha ya aina hii ingetupwa nje kabla ya saa nne asubuhi. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinataka hati ya mashtaka itaje kosa lenyewe, pamoja na maelezo yanayotosha kumjulisha mshtakiwa anashtakiwa nini. Kwa hiyo hata kijana aliyeiba kuku hupewa heshima ya sentensi kamili: fulani, tarehe fulani, katika kijiji fulani, aliiba kuku mmoja mwenye thamani ya shilingi kadhaa, mali ya bibi fulani. Mwizi wa kuku ana jina, ana tarehe, na hata kuku ana mwenyewe. Mwizi wa hazina ya taifa ana changamoto za usimamizi.

Lo, changamoto! Sijui ni neno gani jingine la Kiswahili lililofanyishwa kazi ngumu kuliko hili. Hospitali haina dawa: ni changamoto. Afisa amekula fedha za dawa: ni changamoto. Wananchi wanalala njaa katika kaunti ambayo gavana wake ana magari manane: tunazo changamoto, na tunazishughulikia. Hapo zamani neno hili lilikuwa na uhai. Lilikuwa jambo la kumchangamsha mtu, kumtia ari ya kujaribu. Leo limekuwa blanketi la kumfunikia maiti. Hongo nayo tumeibatiza chai, masikini chai, kinywaji kisicho na hatia yoyote, ambacho bibi zetu waliwakaribishia wageni.

Haya hayakuanza jana. Mwezi Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati ule, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali nchini. Nitakipa kifungu hicho sifa moja: kiliandikwa wazi. Aliyekisoma alijua amenyimwa nini. Ukungu ulitoka kwa waliokieleza, waliokiita umoja, amani na upendo. Na mwezi Septemba 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri, manaibu wao na wengine wote waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama yeye alivyouimba wa Mzee Kenyatta zamani zake. Hilo nalo lilisemwa peupe. Lakini kasuku hahitaji amri, anahitaji mbegu tu, na mbegu zilikuwapo tele: viwanja, leseni, ukurugenzi wa mashirika, tiketi za kwenda Bungeni. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Mfalme Ahabu, ambaye alikuwa na manabii wapatao 400 waliomwambia kwa sauti moja apande kwenda vitani Ramothi-Gileadi. Mikaya mwana wa Imla peke yake ndiye aliyesema kinyume, akapigwa kofi, akatiwa gerezani. Wale 400 hawakukosa adabu hata kidogo.

Miezi saba kabla ya hotuba ile ya kasuku, yaani Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wao wakauawa na vikosi vya serikali yao wenyewe. Lugha rasmi iliita jambo hilo operesheni ya usalama, na idadi ya waliokufa ikatangazwa kuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliona kwamba waliouawa walikaribia 1,000. Fanyeni hesabu wenyewe. Kwa karibu miaka 30 mamia ya watu walizikwa ndani ya neno operesheni, na kila afisa aliyelitamka neno hilo alishika sepetu.

Kisha zikaja kesi za Mwakenya za miaka ya 1986 na 1987. Watu walishikwa, wakateremshwa katika vyumba vya chini ya jengo la Nyayo House, Nairobi, wakawekwa uchi katika vyumba vilivyomwagwa maji, wakapigwa. Walipolainika walipelekwa mahakamani, wengi wao nje ya saa za kawaida na bila wakili, na rekodi ya mahakama ikaandika neno moja fupi: amekiri. Nimezisoma rekodi za aina hiyo nikiwa mwanafunzi wa sheria, nikashangaa jinsi zilivyo safi. Hakuna doa la maji juu ya ukurasa. Hakimu, kiongozi wa mashtaka na karani wote walikuwa watu wa lugha nzuri. Vyumba vile vilipofunguliwa kwa umma mwaka 2003, wananchi walishuka ngazi wakajionea wenyewe kile ambacho neno amekiri lilikuwa likikificha.

Hata aliyesema kweli hakushtakiwa kwa kusema kweli. Hilo lingekuwa wazi mno. Katika uchaguzi wa mwaka 1988 wapiga kura wa uteuzi walipanga mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao, juani, mbele ya macho ya kila mtu, na katika sehemu nyingi mwenye mlolongo mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Jarida la Beyond la Baraza la Makanisa, NCCK, liliyaandika hayo kinagaubaga. Likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alipofikishwa mahakamani, hati ya mashtaka haikudai kwamba jarida lilidanganya. Ilidai kwamba taarifa za mauzo ya jarida hazikuwasilishwa kwa msajili! Na wale walioshtakiwa waziwazi kwa uchochezi, chini ya vifungu vya Kanuni ya Adhabu vilivyokuja kufutwa mwaka 1997, walikuta kwamba haikuwafaa kitu kuthibitisha ukweli wa maandishi yao. Swali la mahakama lilikuwa kama maneno yao yangeweza kuifanya serikali ichukiwe au kudharauliwa. Kadiri ulivyosema kweli zaidi, ndivyo kosa lako lilivyozidi kuwa zito.

Katika hali hiyo ndipo waliposimama wachache. Tarehe 1 Januari 1990, katika kanisa la St Andrew's, Nairobi, Mchungaji Timothy Njoya alizitaja tawala za chama kimoja zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki, akauliza za Afrika zitadumu hadi lini. Askofu Henry Okullu akadai vyama vingi. Tarehe 3 Mei mwaka huo Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwaita waandishi wa habari wakasema hivyohivyo, bila fumbo. Walitiwa kizuizini tarehe 4 Julai, na siku tatu baadaye Kamukunji ikawaka. Wenye adabu waliwaita wachochezi. Desemba 1991, wajumbe wa KANU walikutana Kasarani, wakapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine kukitetea chama kimoja, mpaka Rais aliposema kwamba kifungu cha 2A kitaondolewa. Wakakubali wote. Wimbo ulibadilika alasiri moja, na hakuna kasuku hata mmoja aliyekohoa.

Hapa sharti nitenganishe mambo mawili, kwa maana najua kuna wanasiasa watakaosoma haya wakajipigia makofi. Wapo wanaojisifu kwamba wao husema wazi, kumbe hutukana tu. Mwaka 1990 waziri mmoja, Peter Okondo, alimwonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Eldoret kwamba akithubutu kukanyaga Busia ataona moto na huenda asitoke akiwa hai. Tarehe 14 Agosti Askofu alikwenda Busia, akahubiri, na katika safari ya kurudi gari lake likagongana na lori la maziwa, akafa. Waziri alijiuzulu. Maneno ya waziri yule yalikuwa makavu kupita kiasi, lakini hakuna anayeweza kuyaita kusema wazi kwa maana ninayoitetea. Tofauti si ukali. Askofu alitaja matendo: ardhi fulani, maonevu fulani, jambo linaloweza kuchunguzwa na kukanushwa na mtu mwenye ushahidi. Waziri hakutaja tendo lolote, alitaja moto. Na aliyesema wazi ndiye aliyebeba hatari ya maneno yake mwenyewe, ilhali mwenye vitisho aliwabebesha wengine.

Kipimo hiki kitawafaa leo pia. Mtu akisimama jukwaani akasema kabila fulani ni wezi, hajasema wazi, amekwepa. Angetaja afisa, zabuni, kiasi na tarehe, angetakiwa kuthibitisha. Akitaja kabila, hatakiwi kuthibitisha kitu, na mwizi halisi anajificha katikati ya mamilioni ya watu wasio na hatia. Tumewaona wale wanaosema Kiingereza laini mbele ya mabalozi jijini Nairobi, Kiswahili cha utani kwenye barabara kuu, na lugha ya mama wafikapo nyumbani, ambako watu huwa kwekwe la kung'olewa na madoadoa ya kufutwa. Baada ya damu ya mwaka 2007 na 2008 tulijua madoadoa ni nini. Mtu wa namna hiyo hasemi wazi katika lugha yoyote kati ya hizo tatu.

Tangu vyama vingi virudi, maneno ya kujificha yamebadilika mavazi tu. Tarehe 29 Oktoba 1991 watu walivamiwa katika shamba la Miteitei, Nandi, na moto huo ukaenea Bonde la Ufa na Magharibi. Tukaambiwa tuyaite mapigano ya kikabila. Neno mapigano linahitaji pande mbili zinazopigana. Mama aliyechomewa nyumba usiku akakimbilia kanisani na watoto watano alikuwa akipigana na nani? Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilieleza mwaka 1992 jinsi wanasiasa walivyohusika, na Bunge likaiweka ripoti kando. Tume ya Jaji Akiwumi iliteuliwa mwaka 1998, ikatoa ripoti mwaka 1999, nayo ikafungiwa hadi mwaka 2002. Tume ya Jaji Waki ya mwaka 2008 ilipofika kwenye majina ya waliodhaniwa kubeba dhima kubwa zaidi, iliyatia katika bahasha, ikaifunga, ikamkabidhi Kofi Annan. Nazielewa sababu zake: mashahidi walikuwa hatarini, na mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa. Hata hivyo nataka tuitazame bahasha ile kama taifa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na majina ya walioshukiwa kupanga mauaji hayo hayakuweza kutamkwa kwa sauti katika nchi yenyewe. Na ripoti ya ile Tume ya Ukweli nayo haikusalimika. Makamishna watatu wa kigeni waliandika kupinga jinsi sura inayohusu ardhi ilivyobadilishwa. Bunge halijaipitisha ripoti hiyo hadi leo.

Mnisamehe nikimtaja karani mmoja. David Munyakei alikuwa kijana katika Benki Kuu ya Kenya, na karatasi za malipo ya kampuni ya Goldenberg International zilipitia mezani pake. Serikali ilikuwa ikiilipa kampuni hiyo fidia ya asilimia 35 kwa kuuza ng'ambo dhahabu na almasi, ilhali sheria iliruhusu asilimia 20, na ilhali dhahabu na almasi hizo kwa sehemu kubwa hazikuwako. Wakubwa wake waliziona karatasi zilezile. Walikuwa na shahada, walikuwa na makarani wa kuwaandikia barua nzuri. Mwaka 1993 kijana huyu alitoa nakala zikawafikia wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akashtakiwa, akafukuzwa kazi, asirudishwe kamwe, na mwaka 2006 akafa katika umaskini. Hakuandika insha juu ya ufisadi. Alitoa karatasi zenye majina na tarakimu.

Ofisini mwangu hufika watu ambao hawakufundishwa ukwepaji huu, bali wameuambukizwa. Mama mmoja mzee aliniambia, "Mwanangu, shamba letu lilienda." Nikamwuliza, "Lilienda wapi, mama? Shamba halina miguu." Akacheka, akafunika mdomo kwa leso. Tukaanza upya. Ilichukua karibu saa nzima kufika kwenye sentensi yenye mtu ndani yake, kwa kuwa kila alipokaribia jina alishusha sauti na kutazama mlango, ingawa tulikuwa wawili tu. Alipolitamka hatimaye, alilitamka pamoja na cheo na "mheshimiwa". Huyo ndiye raia tuliyemlea: aliyenyang'anywa anamstahi mnyang'anyi hata asipokuwapo.

Na kanisa je? Najua naandika kwa watu wa kanisa, na baadhi yenu mtakunja uso. Mahubiri mengi ninayoyasikia hukemea ufisadi jinsi mtu anavyokemea mvua. Kuna watu fulani, husema mhubiri, kuna viongozi wengine, na wale viongozi wengine wameketi safu ya mbele wakiitikia amina kuliko sisi sote. Mtaniambia kwamba manabii walitumia mifano. Ni kweli. Nathani alimwendea Daudi na mfano wa tajiri aliyemchinja mwanakondoo wa pekee wa maskini. Lakini hakuishia kwenye mwanakondoo. Mfalme alipomkasirikia yule tajiri, Nathani alimwambia usoni kwamba tajiri huyo ni yeye, kisha akamtajia Uria kwa jina lake. Mhubiri anayeishia kwenye mwanakondoo amempa mfalme burudani ya Jumapili.

Ninasema haya bila kusahau mema. Tarehe 14 Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walisema kwamba utamaduni wa uwongo unachukua nafasi ya uadilifu katika uongozi wa nchi. Uwongo! Hawakusema upungufu wa mawasiliano. Siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa shilingi milioni 2.6 zilizotolewa na Rais katika kanisa moja la jimbo lake, akaagiza zirudishwe. Baadhi ya watu walilalamika kwamba mgeni ameaibishwa. Mimi niliona mara ya kwanza baada ya miaka mingi mgeni wa heshima akitendewa kama mtu mzima.

Maaskofu walikuwa na sababu. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, wakaingia Bungeni, na wengi wakauawa kwa risasi mitaani. Katika miezi iliyofuata vijana wengine walinyakuliwa na watu waliofunika nyuso, katika magari yasiyoweza kutambuliwa. Kufikia mwisho wa mwaka Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu visa 82. Nanyi mlisikia neno lililotumiwa: wametoweka. Tumerudi palepale pa kabati lililovunjika. Ukungu hutoweka jua likipanda. Kijana mwenye namba ya kitambulisho, mwenye mama anayempigia simu usiku kucha, hatoweki. Huchukuliwa, na aliyemchukua alitumwa, na aliyemtuma analipwa mshahara kila mwezi.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba ni rahisi kwa wakili kuyasema haya, kwa kuwa ana ofisi, ana chama cha wanasheria, ana wenzake watakaofika kituoni akikamatwa. Ni neno la haki. Simwambii mama muuza mboga asimame peke yake amtaje mkuu wa kituo. Mzigo huu uwaangukie kwanza wenye vyeo: wachungaji, walimu wakuu, wahadhiri, wahariri, mawakili. Hao wana kinga ambayo Munyakei hakuwa nayo, na ndio wanaongoza kwa kumung'unya maneno. Mama yule anaweza kusema wazi akiwa pamoja na wengine 40, kwa barua yenye sahihi 40.

Sheria ya kufanya hivyo ipo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza njia. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika atasema na afisa ataandika. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Iwapo habari yahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kwa hiyo, kila kikundi kinachosoma jarida hili, kila jumuiya ndogondogo, kila ushirika wa akina mama, kichague jambo moja tu katika kata yake kabla ya mwisho wa mwezi: zahanati isiyo na dawa, daraja lililolipiwa lisijengwe, kijana aliyechukuliwa. Msiandike kwamba dawa ziliisha. Ulizeni ni afisa gani aliyetia sahihi ya kupokea dawa, tarehe gani, makasha mangapi, na aliyakabidhi kwa nani. Andikeni nakala mbili. Ya pili ipigiwe muhuri wa kupokelewa mbele yenu, ikiwa na tarehe, nayo ikae kwa katibu. Siku ya 22 asubuhi, rudini ofisini nayo.